UZI: Sheria ya moshi ikikaza, watengenezaji magari hufanya nini? Kuanzia Honda ya 1972 hadi Prado ya AdBlue

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nililala chini ya gari la mteja, Toyota ya petroli ya mwaka 2009, ambalo taa ya injini ilikuwa inawaka kila baada ya siku mbili tatu. Kabla sijachomeka mashine ya kulisoma nikapapasa ekzosi kwa mkono. Pale kwenye tumbo la bomba, ambapo masega (kisafishio cha moshi, catalytic converter) yanatakiwa yawepo, nikakuta mshono wa welding umepita kama kovu, umepakwa rangi ya fedha juu. Nikagonga kwa nyundo ya mpira. Debe tupu. Sensa ya pili ya oksijeni ilikuwa imewekewa kishikizo cha chuma kinachoivuta nje kidogo, isipigwe na moshi moja kwa moja, ili kontroli boksi (kompyuta ya injini) isijue kwamba masega hayapo. Mwenye gari hakujua lolote, alilinunua hivyo kwa mtu.

Jambo hili limenikaa moyoni. Kishikizo kile, kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kinafanya kazi ileile iliyofanywa na programu ya Volkswagen ambayo dunia nzima iliisikia mwaka 2015: kukidanganya kipimo ili gari lionekane safi huku linamwaga sumu. Nimeamua niandike nijuavyo kuhusu namna kampuni za magari zinavyojibu serikali zikikaza sheria ya moshi, kwa sababu magari tunayoendesha huku ni matokeo ya majibu hayo. Tunayapokea yakiwa na miaka saba, nane, kumi, na hatujui kilichopiganiwa mpaka ile bomba ikawekwa masega.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kampuni haibadiliki kwa sababu sheria imeandikwa kali. Inabadilika pale penye mtu mwenye kipimo, tena kipimo chenyewe kikiwa mahali gari linapotembea kweli. Pasipo hicho, mhandisi wa Wolfsburg, makao makuu ya Volkswagen, na fundi wa uchochoroni wanaishia kufanya kitu kimoja.

Uzi ni mrefu. Nitaandika kwa vipande, maswali yaje tu.

Mleta uzi (naendelea)

Tuanze Marekani, 31 Desemba 1970. Rais Nixon alitia saini sheria ya hewa safi iliyosukumwa sana na Seneta Edmund Muskie wa jimbo la Maine. Ilidai kitu ambacho siku ile hakuna aliyejua kukifanya: magari ya mwaka 1975 yapunguze kaboni monoksaidi na haidrokaboni kwa asilimia 90 yakilinganishwa na ya mwaka 1970, na mwaka unaofuata oksidi za naitrojeni nazo zipungue kwa kiasi hicho hicho. GM, Ford na Chrysler zikasema haiwezekani. Teknolojia haipo, viwanda vitafungwa, watu watakosa kazi. Maneno hayo yakariri, maana kila sheria mpya ya moshi ikitangazwa yanarudi, ni majina ya wasemaji tu yanayobadilika.

Sasa, kule Japani palikuwa na kampuni inayojulikana kwa pikipiki. Honda ilikuwa imeanza kutengeneza magari mwaka 1963 tu. Mzee Soichiro Honda alipoiona sheria ya Muskie alifurahi: wakubwa na wadogo wote wanaanzia mstari mmoja, kwa hiyo hii ndiyo nafasi ya kuwafikia. Wahandisi wake vijana hawakuipenda kauli hiyo. Walimwambia wao hawafanyi kazi ile ili kampuni ishinde, wanaifanya kwa ajili ya jamii. Mzee aliyachukua maneno yale kwa uzito, na alipong'atuka mwaka 1973 ilikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya aone kwamba zamu ya vijana imefika. Kisa hiki Honda wenyewe wanakisimulia katika historia yao, na mimi huwa nakipenda kuliko visa vyote vya magari.

Walichokitengeneza kinaitwa CVCC. Kila silinda iliwekewa chumba kidogo pembeni chenye vali yake ndogo ya kuingizia. Humo unaingia mchanganyiko mzito wa petroli, unaoshika moto upesi, na plagi iko humo humo. Kwenye silinda yenyewe unaingia mchanganyiko mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, ambao plagi peke yake ingehangaika kuuwasha. Plagi ikipiga, moto unachomoza kutoka chumba kidogo kama ulimi na kuuchoma ule mwepesi taratibu mpaka uishe. Petroli inaungua vizuri, hivyo kaboni monoksaidi na haidrokaboni zinapungua. Na kwa kuwa joto halipandi ghafla, oksidi za naitrojeni nazo zinapungua.

Desemba 1972 injini hiyo ilipimwa kwenye maabara ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, pale Ann Arbor, Michigan. Ikapita, ya kwanza kukidhi viwango vya 1975, na bila masega yoyote kwenye ekzosi. Mkuu wa GM wa wakati huo aliibeza kwamba labda inafaa kwa vijiinjini vidogo. Honda wakanunua Chevrolet Impala ya mwaka 1973 yenye V8 kubwa, wakaisafirisha kwa ndege hadi Japani, wakaifunga mfumo wao, wakairudisha Ann Arbor. Ikapita nayo.

Detroit, yaani GM, Ford na Chrysler, ilishachagua njia nyingine: kuomba muda (ikapewa mwaka mmoja mbele, Aprili 1973), halafu kufunga masega. Kwa wasioyajua, ukiyakata utaona kitu kama sega la nyuki hasa, kauri yenye vitundu vidogo maelfu, imepakwa utando wa platinamu, paladiamu na baadaye rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto, sumu inageuzwa kuwa mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na naitrojeni ya kawaida. Adui wa masega ni madini ya risasi (lead) yaliyokuwa yanachanganywa kwenye petroli. Tangi chache tu za petroli yenye risasi na masega yamekufa. Kwa hiyo Marekani ilibidi vituo viuze petroli isiyo na risasi, na magari mapya yakawekewa mdomo mwembamba wa tangi ili bomba la petroli ya risasi lisiingie. Sheria ya moshi wa ekzosi ndiyo iliyoanza kuitoa risasi kwenye damu za watoto. Kwetu Afrika kusini ya Sahara tulisubiri hadi mwaka 2006.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Asante kwa darsa, ndugu yangu. Lakini mimi swali langu ni hili: si hizo kanuni ndizo zilizoyafanya magari kuwa ghali na ya kuharibika haraka? Gari la kabureta fundi yeyote wa mtaani alikuwa akilifungua na kulirudisha. La leo sensa moja ikifa gari lasimama njiani, na hiyo sensa bei yake si ya mchezo.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, una haki, sitakubishia juu juu. Magari ya Marekani ya katikati ya miaka ya 70 yalikuwa mazito, yamebanwa pumzi, injini ya lita tano inatoa nguvu za kusikitisha. Hilo lilikuwa jibu la haraka haraka: bandika vifaa juu ya injini ya zamani, mradi ipite kipimo.

Lakini angalia kilichofuata. Masega ya kuua sumu zote tatu kwa pamoja yanataka petroli na hewa vilingane sawasawa, kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Kabureta haiwezi kushika uwiano huo. Volvo ilileta sensa ya oksijeni ya Bosch kwenye magari yake ya California ya mwaka wa modeli 1977: sensa inauonja moshi, kontroli boksi inaongeza au kupunguza petroli, mara nyingi kwa sekunde. Kabureta ikaanza kufa pale, zikaja nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Ile Vitz au Fielder yako inayowaka asubuhi ya baridi kwa ufunguo mmoja, inayopanda Kitonga bila kukohoa na kula petroli kidogo, ni mtoto wa sheria ya moshi. Mtu aliyewahi kuvuta choki saa kumi na moja alfajiri huku betri inaelekea kuisha atanielewa.

Bei ya sensa ni kweli inauma. Tatizo letu ni kwamba tumepokea gari lakini hatukupokea ujuzi wa kulihudumia. Sensa inalaumiwa, kumbe plagi zimechoka miaka miwili na petroli isiyoungua inayachoma masega.

Mleta uzi (dizeli na Volkswagen)

Kipande hiki nitakaa nacho, maana ndicho chenye somo kubwa.

Dizeli ina ugomvi wake wa ndani. Ukiichoma kwa joto kali na hewa nyingi, masizi yanapungua lakini oksidi za naitrojeni zinapanda. Ukishusha joto, kwa mfano kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kupitia EGR, oksidi zinapungua lakini masizi yanaongezeka. Unazima moto huku unawaka kule. Ulaya ilikaza polepole. Euro 3 ya mwaka 2000 iliruhusu gari dogo la dizeli gramu 0.50 za oksidi hizo kwa kilomita, Euro 4 ya 2005 gramu 0.25, Euro 5 ya 2009 gramu 0.18, na Euro 6 ya 2014 gramu 0.08. Marekani ilikuwa kali zaidi, karibu gramu 0.04, na haikujali kama gari ni la dizeli au la petroli.

Volkswagen ilitaka kuuza dizeli Marekani kwa jina la dizeli safi. Injini yake mpya ya lita 2.0, EA189, ilikuwa na njia mbili za kufikia kiwango. Moja ni mtego wa oksidi kwenye ekzosi, unaotaka injini imwage dizeli ya ziada kila mara ili mtego ujisafishe, na hapo ulaji unapanda na chujio la masizi linachoka mapema. Nyingine ni kupulizia majimaji ya urea, AdBlue, ambayo yanataka tangi lake na mteja akumbuke kulijaza. Zote mbili zina gharama, na kampuni ilikuwa imeahidi gari la bei nafuu, lenye nguvu, lisilo na usumbufu.

Vifaa vikafungwa, lakini wakachagua njia ya tatu. Kontroli boksi ilifundishwa kutambua kipimo. Kwenye maabara gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma, linafuata ratiba ya mwendo inayojulikana sekunde kwa sekunde, na usukani haugeuzwi. Programu ikiona dalili hizo, inawasha usafishaji wote. Gari likitoka barabarani, inauzima nusu. Jetta TDI ilipata hata tuzo ya gari la kijani la mwaka.

Aliyewakamata si serikali kwanza. Shirika la utafiti la ICCT lilitaka kuwaonyesha watu wa Ulaya kwamba dizeli inaweza kuwa safi, kwa kuwa Marekani sheria ni kali na magari yanapita. Likaomba Chuo Kikuu cha West Virginia kipime magari matatu barabarani: Jetta, Passat na BMW X5. Kikundi cha Dan Carder kilifunga mitambo ya kupimia moshi nyuma ya gari, na bomba kutoka kwenye ekzosi, wakaendesha. Passat waliipeleka kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi, zaidi ya kilomita 3,000. BMW kwa sehemu kubwa ilikuwa ndani ya kiwango. Jetta ilizidisha mara 15 hadi 35, Passat mara 5 hadi 20. Wapimaji walidhani vyombo vyao vimeharibika, wakavikagua upya.

Taarifa ilitoka mwaka 2014. Mamlaka ya hewa ya California, CARB, ikaibana kampuni kwa maswali. Kampuni ikaleta sababu za kitaalamu, ikaita magari kurekebishwa programu Desemba 2014, CARB ikayapima tena, bado. Mwishowe wakubwa wakaambiwa magari ya modeli ya 2016 hayatapata kibali cha kuuzwa. Hapo ndipo waliposema ukweli, mapema Septemba 2015, na tarehe 18 mwezi huo EPA ikatangaza hadharani. Magari kama 482,000 Marekani yalihusika kwanza, milioni 11 duniani. Mkurugenzi mkuu Martin Winterkorn alijiuzulu siku tano baadaye. Wahandisi na mameneja walishtakiwa. James Liang alipewa miezi 40, Oliver Schmidt miaka 7. Gharama kwa jumla zimepita yuro bilioni 30. Kuviacha tangi la urea na mtego wa oksidi vifanye kazi sawasawa barabarani kungewagharimu fungu dogo sana la pesa hiyo.

Kinachonigusa ni kwamba teknolojia ilikuwepo. BMW ilikuwa imepita palepale, barabara ileile. Na baada ya kashfa, Ulaya ilipoanza kupima magari barabarani kuanzia Septemba 2017, dizeli zikaanza kusafika kwelikweli. Wahandisi ni walewale.

Mchangiaji, dereva wa masafa

Mkuu hawa ni magari madogo. Huku kwenye malori vipi? Maana sisi tunaoshinda Tunduma na Rusumo moshi ndio tunaoulalia.

Mleta uzi

Pole na barabara, kaka. Malori yalitangulia. Mwaka 1998 watengenezaji saba wa injini kubwa Marekani, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack na Volvo, walikubali kulipa jumla ya takriban dola bilioni moja katika faini na marekebisho. Injini zao zilikuwa safi kwenye mzunguko wa maabara, lakini lori likishika mwendo mmoja kwenye barabara kuu, kompyuta inabadilisha muda wa kupuliza dizeli ili kuokoa mafuta, na oksidi zinamwagika. Yaani miaka 17 kabla ya Volkswagen, mchezo uleule.

Halafu Hino, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Machi 2022 kampuni ilikiri kwamba takwimu za moshi na ulaji wa mafuta zilichezewa, na wachunguzi wakasema Agosti mwaka huo kwamba tabia hiyo ilirudi nyuma hadi 2003. Kwenye injini mojawapo, jaribio la uimara lilikuwa linaendelea, kisafishio cha moshi kikaonekana kinachoka, wakakibadilisha katikati ya jaribio kwa kipya na kuendelea kuandika namba. Nilipoisoma hiyo niliiweka simu chini. Maana jaribio la uimara liko pale ili kumlinda mtu atakayelinunua lori likiwa limechoka, na mtu huyo mara nyingi ni wa kwetu.

Mleta uzi (kulipa na kukwepa bila kuvunja sheria)

Si wote wanaodanganya. Wengi husoma sheria kwa makini na kutafuta mlango ulioachwa wazi.

Ulaya iliweka wastani wa kaboni dayoksaidi kwa magari mapya yote ya kampuni: gramu 130 kwa kilomita mwaka 2015, kisha 95 kuanzia 2020 na 2021. Ukizidisha, unatozwa yuro 95 kwa kila gramu kwa kila gari. Piga hesabu: kampuni inayouza magari milioni moja ikizidi gramu 10, ni yuro milioni 950 kwa mwaka. Hapo kila mtu akapata jibu lake. Fiat Chrysler ilitangaza mwaka 2019 kwamba inahesabiwa kundi moja na Tesla, yaani iliilipa Tesla ili magari yake ya umeme yashushe wastani. Mwaka 2020 Tesla ilipata karibu dola bilioni 1.6 kwa kuwauzia wengine haki kama hizo, wakati faida yake yote ilikuwa kama dola milioni 720. Aston Martin ilichukua Toyota iQ, kile kigari kidogo, ikaitia ngozi ndani na nembo yake mbele, ikaiita Cygnet mwaka 2011. Wateja hawakuitaka na 2013 ikaachwa. Suzuki iliiondoa Jimny ya abiria kwenye soko la Ulaya kwa sababu ilikuwa inaupandisha wastani wake.

Marekani mlango ulikuwa mkubwa zaidi. Sheria ya ulaji wa mafuta ya 1975 iliyalegezea magari ya mizigo midogo, kwa kuwa yalidhaniwa ni ya wakulima na mafundi. Kampuni zikaanza kutengeneza magari ya familia yanayoandikwa kama ya mizigo. Chrysler PT Cruiser, kigari cha kupelekea watoto shule, kilihesabiwa humo. Kwa maoni yangu huu mlango mmoja umeharibu kuliko programu ya Volkswagen, na hakuna aliyefungwa.

Tokyo walikwenda kwa njia tofauti. Gavana Shintaro Ishihara alisimama mbele ya waandishi akiwa na chupa ya masizi meusi ya dizeli, akaitikisa wayaone. Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa yakapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi kiwango. Kwa magari ya abiria ya dizeli, kampuni nyingi zilijibu kwa kujiondoa tu. Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli Japani mwaka 2007. Ikaja kuirudisha 2015 na injini mpya ya 1GD, ikiwa na chujio la masizi (DPF) na tangi la AdBlue.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hapo kwa Prado umenigusa boss. Nina hiyo ya Japan, 1GD. Fundi mmoja ananiambia atoe DPF na afute AdBlue kwa kompyuta, ati gari itapumua na sitasumbuka tena. Wewe ungenishauri aje?

Mleta uzi

Ndugu, nisikilize kwa utulivu, maana hilo swali naulizwa kila mwezi.

Kwanza elewa kwa nini gari linasumbua. DPF linajisafisha kwa kuchoma masizi, na linahitaji ekzosi iwe ya moto sana kwa dakika kadhaa mfululizo. Gari linaloshinda kwenye foleni, kilomita nne kwenda na nne kurudi, halifiki joto hilo. Masizi yanajaa, taa inawaka, dereva anazima injini katikati ya usafishaji, na dizeli iliyomwagwa kwa kazi hiyo inashukia kwenye oili. Pili, mafuta. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwezi Januari 2015, hatua kubwa sana kutoka 500 na zaidi. Lakini Japani na Ulaya gari hilo lilizoea 10. Na dizeli ya madumu ya kando ya barabara hakuna anayejua ina nini.

Kwa hiyo: nunua mafuta kituo chenye mzunguko mkubwa. Mara moja kwa wiki lipeleke barabara kuu, nusu saa bila kusimama, mwendo wa 80 au zaidi. Taa ya kusafisha ikiwaka usizime gari. Tumia oili ya majivu machache, ile inayoandikwa kwa magari ya DPF, maana majivu ya oili hayaungui kamwe. AdBlue nunua iliyofungwa, usiongeze maji hata tone. Likishajaa kabisa lipo jambo la kulitoa na kulisafisha kwa mashine, si kulitoboa.

Huyo fundi anayetaka kufuta anakuuzia programu ya Volkswagen, tofauti yake ni kwamba hapa utakayeilipa ni wewe. Na moshi wake ataupata mwanafunzi anayesubiri matatu pale stejini.

Mchangiaji kutoka Arusha

Mkuu, mwisho wa haya yote si umeme? Ulaya 2035 petroli inakufa. Sasa kuna haja gani ya kuhangaika na masega?

Mleta uzi

Sheria ya Ulaya ya kusimamisha magari mapya ya petroli na dizeli 2035 ipo, lakini kampuni zinaivuta nguo kila siku, na mwaka 2025 tayari zilipewa nafuu ya kuhesabiwa kiwango kwa wastani wa miaka mitatu, 2025 hadi 2027, badala ya mwaka mmoja mmoja. Hata ikishika, gari la petroli litakaloundwa kule mwaka 2034 litatufikia sisi baada ya 2040 na litatembea miaka 15 mbele. Watoto wetu watavuta moshi wa masega tutakayoyatunza au kuyakata.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Basi tupe namna ya kujua kama gari lina masega au tumeuziwa debe.

Mleta uzi

Haya. Gari likiwa limepoa, ingia chini, tafuta tumbo la kwanza la ekzosi karibu na injini. Mshono wa kiwandani ni mwembamba na umenyooka. Wa mtaani ni mnene, una mabonge. Gonga kwa ngumi au nyundo ya mpira: masega mazima yanatoa sauti ya kitu kilichoshiba, yaliyovunjika yanacheza ndani kama njugu, yaliyotolewa yanalia kama debe. Angalia sensa ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye bomba au imeinuliwa juu ya kishikizo.

Halafu chomeka mashine, acha injini ipate moto, ishike mizunguko 2,500 kwa dakika moja, uangalie mchoro wa sensa ya nyuma. Masega yakiwa hai mchoro wake unatulia, kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi. Ukiona unapanda na kushuka haraka haraka muda wote, masega yamekufa au hayapo, na kodi (namba ya kosa inayosomwa na mashine) ya P0420 itakuja tu. Usitafute mfanano na sensa ya mbele, kwa sababu Toyota nyingi za karibuni ya mbele ni aina nyingine na inasoma kwa namna yake.

Ile Toyota ya 2009 tulipata ekzosi yake ya Japani iliyotumika, masega mazima, tukaifunga jana mchana na kukitupa kile kishikizo. Mchoro wa sensa ya nyuma ulitulia baada ya dakika mbili. Mwenye gari alisimama nyuma akanusa, akaniuliza kama injini imezimika.

Mwenye swali la gari lake aweke modeli, mwaka na kodi iliyosomwa. Nipo hadi saa nne usiku.